Muhogo Aliokula Mama Kambini

Watu wakisema "ni uzee tu" mimi hupandwa na hasira, hata kama aliyesema ni mtoto wa watu asiye na kosa. Juzi mjukuu wangu alinipeleka kupimwa masikio, maana siku hizi lazima aniite mara tatu ndipo nigeuke. Nesi akanichungulia sikio la kulia, akachungulia la kushoto, akaandika kidogo, kisha akasema, "Bibi, ni uzee tu." Nikamuuliza mbona hajaniuliza ninakula nini. Akacheka. Alidhani bibi kizee anamtania.

Sikuwa namtania. Mama yangu alikufa kiziwi, na alipoanza kutosikia hata mvi zilikuwa hazijamwenea kichwani. Wakati ule nasi tulisema ni uzee. Tulisema na mengine mabaya zaidi, na mengi ya hayo niliyasema mimi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vikuu vya pili vilipokuwa vimekwisha na njaa ikawa imebaki. Mimi nilikuwa nimeolewa, nakaa na mume wangu katika kambi ya mkonge upande wa Mazinde. Yeye alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Sote wawili tulikuwa Wazigua wa Handeni. Tulikuwa na watoto wawili, binti wa kama miaka sita na mdogo wake aliyekuwa bado anajifunza kukimbia.

Baba alifariki Handeni mwaka ambao mvua ilikataa kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa marefu kama goti. Mama akabaki peke yake, mume wangu akasema mwenyewe, bila kuombwa, kwamba nimlete. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu yatakayofuata yatamfanya aonekane mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya. Alijenga kibanda cha miti na udongo nyuma ya nyumba yetu ya kambi, akaniambia, "Mama akija, huku atakaa kwa heshima yake."

Heshima aliyoitaja si ya kuamkiana tu. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakutani njiani. Mwanamume akikaribia mahali alipo mama mkwe wake hukohoa. Mama akisikia kikohozi huondoka njiani, hugeuka upande, hujifunika kanga kichwani mpaka apite. Kama kuna neno, hupitia kwa binti. Mambo yote hayo hushikwa na sikio. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo mpaka sikio lilipoondoka.

Mama alikuja na lori hadi Korogwe, kisha na treni. Mzigo wake ulikuwa kanga mbili, chungu kimoja na furushi la pingili za muhogo mchungu. Nilimcheka. Nilimwambia hapa kuna posho, unga na maharage kila wiki, hapa hatuli muhogo. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema tusi bila kujua maana yake.

"Posho ni ya mume wako," akasema. "Mimi nile jasho la mkwe wangu kila siku ya Mungu? Nitamwonaje?"

"Si humwoni hata hivyo?"

Akanipiga kofi dogo begani, tukacheka wote wawili. Hiyo ni moja ya mara za mwisho ninazokumbuka tukicheka kwa jambo ambalo mimi nilisema na yeye akalisikia.

Akapanda muhogo wake pembeni mwa shamba la mkonge, mahali ambapo mnyapara alisema hapana kazi napo. Mchungu, kwa sababu nguruwe na nyani hawaugusi. Uliposhika, akaanza kujitegemea. Kila siku mimi nilipika ugali wa posho na maharage, na siku za gulio nilipata perege wakavu kutoka mtoni. Nilimpelekea mama sahani yake kibandani, nikaiweka, nikarudi kwa watoto na mume. Kukaa nikamtazama mama yangu anakula ilikuwa haina adabu, na isitoshe nilikuwa na kazi. Sahani ikirudi jioni ilikuwa imelambwa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, mama anakula vizuri kwangu.

Sasa nieleze jambo la muhogo, na hapa ndipo ninapojichukia. Muhogo mchungu una sumu, kila mtoto wa Handeni anajua. Unaumenya, unauloweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike na utoe povu, unauanika juani, ndipo unautwanga. Maji yake yananuka. Yananuka hasa, yananuka kama kitu kilichokufa. Kule nyumbani kila nyumba inanuka hivyo, kwa hiyo hakuna anayenuka. Kambini tulikaa nyumba zimebanana, watu wa makabila yote, wengi wao hawajui muhogo mchungu ni nini. Jirani yangu mmoja, mke wa fundi, akaanza kupita mlangoni kwangu ameziba pua kwa ncha ya kanga. Alifanya hivyo hata siku ambazo hakuna kilicholowekwa. Nikaona haya. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimevaa gauni la dukani, nataka nionekane mtu wa kambi na si mtu wa porini.

Nikamwendea mama. Nikamwambia, "Mama, hayo maji yako yananiaibisha."

Hakubishana. Akasema, "Basi nitaukata vipande nianike hivyohivyo. Jua la huku kali."

Nikamshukuru! Nilimshukuru mama yangu kwa kukubali kula sumu ili mke wa fundi aachilie pua yake. Tangu siku ile hakuloweka tena. Alimenya, akakata, akaanika siku mbili, akatwanga. Ugali wake ulikuwa na uchungu kidogo, watoto walionja wakatema, naye akawacheka.

Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Kwanza ilikuwa miguu. Alisema nyayo zinamwaka moto, akawa anaziweka kwenye karai la maji huku anatwanga muhogo. Halafu akawa anatembea kama mtu anayekanyaga matope, anainua mguu juu kuliko inavyohitajika na kuutua kwa nguvu. Nikamuuliza, akasema ni baridi ya treni imemkaa kwenye mifupa. Baridi gani hiyo ya kukaa mwaka mzima? Lakini nilikubali, kwa sababu jibu lilikuwa limepatikana na chungu kilikuwa jikoni.

Masikio hatukuyaona. Kambini kila mtu alipiga kelele. Korona ilinguruma tangu alfajiri, na wanaume waliotoka kwenye mashine walizungumza kama wanagombana hata wakiomba chumvi. Wake zao na watoto wao walijifunza kufoka vivyo hivyo. Kwa hiyo mama alikuwa anapata sauti kubwa mchana kutwa, na sisi hatukujua kwamba ndogo zimemtoka moja baada ya moja. Binti yangu ndiye aliyejua. Alikuwa akitaka kumwambia bibi yake neno, anamshika kidevu kwanza na kumgeuza. Nilimkataza. Nilimwambia si adabu kumshika mtu mzima kidevu.

Siku ya kwanza ya aibu ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Mume wangu alitoka kuchota maji, maana nilikuwa na homa. Njia ya bomba ilipita mbele ya kibanda, na mama alikuwa amekaa katikati ya njia anamenya muhogo, amewapa mgongo waliokuwa wakipita. Mume wangu akasimama mbali, akakohoa. Mama akaendelea kumenya. Akakohoa tena, akakohoa mpaka majirani wakatoka nje, debe limemlemea begani, maji yanamchuruzika. Mke wa fundi akaangua kicheko. Mwishowe mume wangu alizunguka nyuma ya vyoo, njia ndefu ya miiba, akafika nyumbani miguu inatoka damu.

Niliinuka na homa yangu nikaenda kumgombeza mama. Nilimsimamia mbele, nikamwambia kwa sauti ya kambi, "Mkwe wako anakohoa nawe unakaa njiani! Amekukosea nini?"

Nilimwona anavyoshtuka. Alitazama midomo yangu, akatazama ile njia tupu. "Alipita?" akauliza. "Sasa hivi?" Akainua kanga akajifunika uso, akabaki amejifunika muda mrefu ilhali hapakuwa na mtu wa kujifunikia. Nikajua hapo kwamba hasikii. Majirani hawakutaka kujua. Wanawake wa bombani walisema mama yangu ana kiburi, kwamba anamdharau mkwe anayemlisha. Mmoja wa kwetu, ambaye ilimpasa kujua zaidi, alisema mwanamke asiyeondoka njiani anatafuta kumwona mkwe wake.

Mume wangu alinipa ruhusa nimpeleke kwa dresa wa kambi, yule mganga msaidizi wa zahanati. Dresa akamtia matone. Baada ya wiki tatu za matone mama alikuwa vilevile, na mume wangu akasema, "Mpeleke Korogwe hospitali. Mambo haya hayawezi kuendelea." Niliijua maana yake. Mama akipona atabaki, asipopona atarudi Handeni, ambako kaka yake alikuwa naye anahangaika na njaa.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye haraka kama wote. Alimgonga mama magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa pini mama asishtuke. Akamwambia asimame afumbe macho, mimi nikamwonyesha kwa ishara, mama akayumba nikamdaka. Kisha daktari akaketi. Akamuuliza mama, "Mama, unakula nini kila siku?"

Mama hakusikia. Alinitazama mimi.

Daktari akanigeukia. Akasema amewaona watu wazima wa namna hii, miguu na macho na masikio vinawaishia pamoja, na wengi wao ni watu wa muhogo mtupu. Akauliza tena. "Huyu anakula nini?"

Yule daktari alikuwa ananiuliza swali la kitabibu, mimi nikasikia tusi. Nilisikia kwamba ananiambia namlaza mama yangu na njaa. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi nyuma yetu wanasikiliza. Nikajinyoosha nikasema, "Anakula tunachokula sote. Ugali wa sembe, maharage, samaki. Muhogo nani asiyeonja? Lakini mama yangu anakula samaki kwangu, bwana daktari. Sahani inarudi nyeupe."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

"Basi si chakula," akasema. Akaandika. Alitupatia vidonge vya kutuliza miguu, akasema masikio ya watu wazima ndivyo yalivyo, tuyazoee. Mama aliinama akamshukuru. Njiani aliniuliza daktari amesema nini, nami nikampungia mkono kuonyesha kwamba ni mambo madogo.

Bafu letu la kambi lilikuwa ua wa nyasi usio na mlango. Anayekuja hukohoa, aliye ndani hujibu kwa kukohoa, basi yule wa nje husubiri. Hayakupita majuma mawili baada ya kutoka Korogwe. Mume wangu alitoka kazini mchana, mwili mzima umejaa maji ya mkonge yanayowasha, akachukua ndoo akaenda bafuni. Alikohoa. Wote waliokuwapo walikiri kwamba alikohoa, na si mara moja. Hakujibiwa. Akaingia.

Sikuwapo. Nilisikia ndoo ikianguka, kisha nikamsikia mume wangu akilia kwa sauti kama aliyechomwa. Alikimbia akatokea upande wa pili wa nyumba, akakaa chini ukutani amefunika uso kwa mikono miwili. Mama alitoka baadaye sana, nguo zake zimelowa kwa kuvaliwa juu ya mwili wenye maji. Alipita mbele ya wanawake wote wa mstari ule wa nyumba akitembea kwa ule mwendo wake wa matopeni, akaingia kibandani. Hapakuwa na aliyecheka safari hii. Ilikuwa mbaya kupita kicheko.

Mume wangu hakula ndani ya nyumba yangu siku tatu. Siku ya nne alisema, "Mama watoto, mimi sina ugomvi na mama. Lakini siwezi kuishi nikiogopa kugeuka kwenye kona ya nyumba yangu mwenyewe. Na yeye hawezi. Arudi kwao."

Mama alikuwa ameshafunga mzigo wake kabla sijamwambia. Pale Korogwe nilimpandisha kwenye lori la Handeni, nikampa gunia dogo la unga, naye akanipa nusu yake nirudi nayo kwa watoto. Tulivutana gunia mbele ya watu mpaka utingo akatukaripia. Nilishindwa.

Jioni ya pili tangu aondoke nilipika perege. Niliwagawia watoto vipande vyao kama siku zote. Binti yangu akala kipande chake, akasubiri. Nikamuuliza anasubiri nini.

"Wa bibi," akasema.

"Wa bibi yupi?"

"Samaki wa bibi. Bibi hutupatia wake. Na maharage. Yeye hula ugali wake mweusi wa muhogo na chumvi."

Nikamuuliza ni siku gani bibi aliwapa. Mtoto akanishangaa. Alisema kila siku. Alisema bibi aliwafundisha wailambe sahani vizuri ili mama asisikitike.

Sikumpiga, ingawa mkono uliinuka. Ningempiga kwa lipi? Nilitoka nje nikaenda kukaa mlangoni mwa kile kibanda. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu mama yangu alikula muhogo mchungu usiolowekwa na chumvi, na nilipoulizwa na mtu pekee aliyejua kuuliza, nilimjibia mimi.

Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alinieleza vizuri kuliko nilivyotaka. Alisema maji ndiyo hutoa sumu ya muhogo, na ile kidogo inayobaki mwili huimaliza kwa nguvu ya samaki, nyama, maharage. Mtu aliyekosa vyote viwili, sumu humla mishipa taratibu, na kadiri umri unavyosogea ndivyo anavyozidi kukosa cha kujikingia. Nikamuuliza kama masikio hurudi. Hakuniambia ni uzee tu, nampa heshima yake. Alisema miguu huweza kupata nafuu, masikio mara nyingi hayarudi. Nilikuwa nimeshayaona hayo mwenyewe. Mama baadaye alitembea vizuri, lakini hakusikia tena sauti ya mtu mpaka tulipomzika.

Siku niliyomfuata Handeni ilikuwa wiki ileile aliyoondoka. Mume wangu alinifungia maharage na unga wake wa posho wa juma zima, akaongeza perege waliobaki wote. Nilifika kwa mjomba mchana. Mama alikuwa uani anamenya muhogo, na nilizunguka mbali ili nimtokee kwa mbele nisimshtue. Aliponiona uso ulimfunguka. Kisha akatazama nyuma ya bega langu, akavuta kanga kichwani haraka, akaanza kuinuka kupisha njia. Ilinibidi nimshike mikono na kumwonyesha njia yote, kulia na kushoto, kwamba nimekuja peke yangu.

Nilipika mwenyewe. Ugali, maharage, perege wawili. Nikamtengea, na safari hii nikakaa mbele yake, adabu au si adabu. Alikula tonge mbili akaanza kutafuta watoto kwa macho. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia, "Kula, mama." Kisha yakanitoka yote. Nilisogeza mdomo kwenye sikio lake nikamwambia habari za yale maji ya kulowekea, na mke wa fundi, na daktari wa Korogwe, na nilivyomjibu. Nilimwomba radhi. Nilipiga kelele mpaka mjomba akatoka ndani, akasikia mambo ambayo hayakumhusu, akarudi. Mama alikaa ametulia. Hakujua kusoma, wala mimi sikujua kuandika, na hakuna ishara ya mkono kwa mambo yale.

Nilipojitoa sikioni aliniona ninavyolia. Akanishika mkono wa juu akaupima kwa vidole jinsi nilivyokonda kwa homa, na nikamwona anafikia uamuzi. Alisukuma sahani kwangu.

"Njaa imefika na huko kambini," akasema, kwa ile sauti kubwa isiyojisikia. "Ungeniambia mapema. Kula, mwanangu, mimi nina muhogo wangu."

Nikaisukuma irudi. Akaisukuma tena, akavunjavunja samaki kwa vidole kuondoa miiba kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo, akaniwekea juu ya ugali. Nikala, kwa sababu hakuacha kunitazama mpaka nilipomaliza.